TV ya 3D ya mtumba, ile ya miwani isiyo na betri: miezi nane iko sebuleni kwangu

Wadau, hii TV nimeikuta Kariakoo mwezi wa pili, inchi 47, ya mwaka 2012, imekuja na kontena la mtumba kutoka Ulaya, nikaichukua kwa laki nne na nusu baada ya kubembelezana sana na muuzaji. Yeye alikuwa anaiuza kama TV ya kawaida tu, ile nembo ya 3D pale kwenye kona alikuwa hajaitilia maanani kabisa, na rimoti yake ilikuwa imefungwa mpira pamoja na rimoti zingine mbili za TV zingine ikabidi tuzijaribu moja moja. Mi nilipoiona ile nembo moyo ulinienda mbio maana hizi nimezitafuta zaidi ya mwaka. Nyumbani tupo saba, mimi na wife, watoto wetu watatu, mtoto wa dada yangu ambaye anasoma huku mjini, na mama yangu mzazi ambaye siku hizi nyumba nzima inamwita bibi. Kuwapeleka wote saba sinema kuangalia muvi ya 3D, hesabu tiketi, hesabu bisi, hesabu nauli ya kwenda na kurudi, hiyo ni hela ya kula wiki nzima. Nikasema bora sinema ije nyumbani.

Jina la kampuni siitaji kwa sababu TV za aina hii zilitolewa na kampuni kadhaa, LG walizitoa nyingi sana wakaziita Cinema 3D, na tabia zake kwa sehemu kubwa zinafanana, kwa hiyo nachoandika hapa kitakusaidia hata ukikuta ya jina lingine. Cha kujua mapema ni kwamba TV za 3D ziko za aina mbili, zote zipo mtaani, na ukichukua ile isiyokufaa hela yako imelala.

Kwanza tuelewane hii 3D yenyewe. Nyoosha kidole mbele ya pua, funga jicho la kushoto, afu lifungue ufunge la kulia. Umeona kidole kinavyohama? Macho yetu yameachana kama sentimita sita na kitu, kwa hiyo kila jicho linaona kitu kwa upande wake, ubongo unazichukua zile picha mbili unazilinganisha na hapo ndo unajua hiki kiko karibu kile kiko mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha hili mwaka 1838 kwa kutumia michoro miwili na vioo viwili vya kujitazamia, kila jicho likaangalia mchoro wake, na watu wakaona umbo limesimama wakati hakuna kitu pale zaidi ya mistari kwenye karatasi. Mpaka leo sinema, TV, gemu, hata ile VR ya kuvaa usoni, kazi ni hiyo hiyo: jicho la kushoto lipate picha yake, la kulia lipate yake, na zisiingiliane. Wanachotofautiana ni namna ya kuzitenganisha tu.

(Kuna mtu aliniuliza kama ni ile picha ya marehemu Tupac waliyoitoa jukwaani kwenye tamasha la Coachella kule Marekani mwaka 2012. Hapana. Ile picha ilikuwa bapa kabisa, ni mchezo wa kuakisi picha kwenye kitu kinachopitisha mwanga, ujanja wa tangu enzi za majukwaa ya London miaka ya 1860. Haina habari ya jicho la kushoto na la kulia.)

Sasa aina ya kwanza ni zile za miwani ya betri. TV inaonyesha picha ya kushoto, afu ya kulia, afu ya kushoto, kwa kasi kubwa sana, na miwani yenyewe kila kioo kinajifunga na kujifungua kwa kufuata TV, kama mara 60 kwa sekunde kila jicho. TV inawasiliana na miwani kwa miali kama ya rimoti au kwa bluetooth. Picha yake ni kali kweli, kila jicho linapata pikseli zote, yani vile vidoti vidogo vinavyounda picha. Lakini kwa nyumba ya watu saba hiyo ni shida. Miwani moja wakati zinatoka iliuzwa zaidi ya dola 100, inataka kuchajiwa au betri za saa, ya kampuni hii mara nyingi haikubali TV ya kampuni ile, na mtumba ukija huku TV inafika miwani imebaki Ulaya. Jirani yangu anayo ya aina hii, alipewa miwani mbili, moja ikafa mwezi wa kwanza, sasa hivi yeye na mkewe wanaangalia kwa zamu. Na kama sebuleni unatumia taa za tyubu zile ndefu utaona mwanga unacheza cheza ukivaa, ni ile kasi ya miwani na kasi ya taa zinagongana, inachosha.

Aina ya pili ndo hii yangu, wenyewe wanaita pasivu. Miwani yake ni plastiki tu, nyepesi kama hujavaa kitu, haina waya haina betri haina chochote cha kuharibika zaidi ya mtoto kuikalia. Ujanja wote uko kwenye skrini. Mwanga unasafiri huku unatikisika, na ukiupitisha kwenye aina fulani ya karatasi ya plastiki unaweza kuulazimisha utikisike kwa mtindo mmoja tu, hiyo ndo polaraizi. Sasa TV zote za LCD kama hii yangu mwanga unaotoka tayari umepolaraiziwa, ndo zinavyofanya kazi, kwa hiyo walichofanya mafundi ni kubandika juu ya skrini utando mwembamba sana wenye mistari, mstari wa kwanza unauzungusha mwanga kwenda upande mmoja kama mshale wa saa, mstari wa pili unauzungusha kinyume, wa tatu kama wa kwanza, hivyo hivyo mpaka chini. Kioo kimoja cha miwani kinaruhusu mzunguko mmoja tu, cha pili kinaruhusu ule wa kinyume. Picha ya kushoto inawekwa kwenye mistari yake, ya kulia kwenye mistari yake, zote zinaonyeshwa kwa wakati mmoja, hamna kupokezana wala kumeta. Mi nilipoelewa hili nilikaa naiangalia ile skrini kwa muda, kazi ya kubandika mistari 1080 ikae sawasawa juu ya mistari 1080 ya pikseli si ya mchezo.

Hasara yake utakuwa umeshaiona. Mistari 1080 ukiigawa mara mbili kila jicho linapata 540. Ukisogea karibu sana, tuseme mita moja na nusu, utaiona ile mistari, hasa kwenye maandishi na kwenye kingo za vitu, kama vile unachungulia kwenye wavu wa dirisha. Ukirudi nyuma mita mbili na nusu mpaka tatu inapotea kabisa, ubongo unaunganisha, na mimi kwa macho yangu sioni kama nimepungukiwa chochote. Sebule yangu kutoka ukutani mpaka kwenye kochi ni mita tatu kasoro, imekaa vizuri.

Sinema nayo ni hivi hivi kwa sehemu kubwa. Mfumo wa RealD ambao umesambaa sana duniani unatumia projekta moja inayopokezana picha za macho mawili mara 144 kwa sekunde, mbele ya lenzi kuna kioo cha umeme kinachobadilisha mzunguko wa mwanga kila picha inapobadilika, na pazia lenyewe lazima liwe limepakwa rangi ya fedha maana pazia jeupe la kawaida linavuruga ile polaraizi mwanga ukigonga. Faida kwetu ni kwamba miwani ya RealD inafanya kazi kwenye TV hizi. Nilikuwa na mbili tulizonunua siku tulipoenda sinema, nilipofika na TV nyumbani hata kabla sijaifunga vizuri nikazitoa kabatini nikajaribu, zikakubali pale pale. Zingine tano nimezipata kwa bei ya soda soda hivi kila moja.

Hapo kwenye kununua miwani kuwa makini, maana kuna watu wanakuuzia miwani ya jua yenye fremu inayofanana. Jipime hivi: vaa, simama mbele ya kioo cha kujitazamia, funga jicho moja. Kama ni miwani sahihi, kioo cha jicho ulilolifungua kitaonekana cheusi, yani huwezi kuliona jicho lako lenyewe, ila lile ulilolifumba unaliona bila shida. Ni kwa sababu mwanga ukigonga kioo cha kujitazamia mzunguko wake unageuka, ukirudi kwenye lenzi ile ile unakataliwa. Ikiwa kinyume chake, yani unaliona jicho ulilolifungua na la pili ndo jeusi, basi hiyo ni ya 3D lakini ya mtindo mwingine wa polaraizi, ule wa mnyoofu, na kwenye TV hii utaona picha mbili mbili. Ikiwa macho yote yanaonekana au yote giza sawasawa basi hiyo ni ya jua. Mi nilimfanyia muuzaji mmoja jaribio hili mbele yake kwenye kioo cha saluni ya jirani, mwenyewe akashangaa akaitoa kwenye meza.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kilinisumbua mwezi mzima na ndo sababu kubwa ya kuandika. Tulivyoileta tukaifunga ukutani kama wengi wetu tunavyofunga, juu, ile usawa wa watu waliosimama, watoto wasiifikie. Siku ya kwanza nikaweka katuni ya chini ya bahari, mimi na wife kwenye kochi tukaona vizuri kiasi, lakini watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka chini mbele yetu na wote wanne wanalalamika, baba mbona samaki wako wawili wawili, mjomba mbona ina kivuli. Nikadhani miwani mbovu, nikabadilishana nao, ile ile. Nikadhani faili bovu. Nikamrudia muuzaji nikampa maneno ambayo baadaye nilirudi kumuomba radhi. Kumbe shida ni pembe. Ule utando wa mistari uko juu ya kioo, na pikseli ziko ndani ya kioo, kuna nafasi ndogo sana katikati. Ukiangalia ukiwa usawa wa skrini, mstari wa utando uko juu ya mstari wake wa pikseli. Ukiangalia kutoka chini sana au juu sana, mistari inapishana, jicho la kushoto linaanza kuchungulia mistari ya jicho la kulia, ndo unapata kile kivuli. Kushoto na kulia haina neno, unaweza kukaa pembeni kabisa ukaona vizuri, ila juu na chini haina huruma.

Nikaishusha. Nikaita fundi tukaiondoa ukutani, nikamtengenezesha seremala wa mtaani meza ya mninga ya sentimita 50 kwenda juu, na watoto nikawapa zile stuli fupi badala ya mkeka. Kivuli kikaisha chote. Kama huwezi kushusha basi tumia bano la ukutani linaloruhusu kuinamisha TV kidogo kwa mbele, inasaidia sana. Hili la pembe hakuna mtu aliyeniambia na naamini kuna watu wametupa TV nzuri kwa sababu hii tu. Kama unayo na uliiona mbaya, leo jioni kaa usawa wa katikati ya skrini ujaribu tena.

Kitu cha kuangalia unakipata wapi? Chaneli za 3D hazipo tena, usitegemee king'amuzi. Mi natumia flashi. Faili za 3D zinakuja kwa mitindo miwili, picha mbili zimebanwa kushoto na kulia, au zimebanwa juu na chini. Ukicheza utaona picha mbili nyembamba au mbili bapa, usiogope, bonyeza kitufe cha 3D kwenye rimoti, chagua ule mpangilio unaofanana na unachokiona, TV yenyewe inazivuta na kuzipanga. Kwa TV za aina hii kama una uchaguzi chukua za juu na chini. Sababu ni kwamba TV itapunguza mistari ya kwenda chini ibaki nusu hata iweje, na faili la juu na chini limeshapunguza hapo hapo, hupotezi kitu kingine. La kushoto na kulia limepunguza kwa upana, afu TV inakuja kupunguza kwa urefu, umepoteza mara mbili. Tofauti inaonekana kwa macho, hasa nywele na majani ya miti.

Halafu kuna kitufe cha kubadilisha kushoto iwe kulia. Ukiona picha ina kina lakini kuna kitu hakikai sawa, mtu wa mbele kama ametobolewa ndani ya ukuta wa nyuma na macho yanauma ndani ya dakika mbili, basi zimegeuzwa, bonyeza hicho kitufe. Bibi ya watoto wa jirani alikuja akaangalia nusu saa ikiwa imegeuzwa na mtu hakujua, akaondoka anaumwa kichwa, iliniuma sana.

Kitufe kingine cha kugeuza picha ya kawaida iwe 3D, usikitegemee. TV inakisia tu, kilicho chini ya skrini inakileta karibu, kilicho juu inakipeleka mbali, mambo kama hayo. Kwenye mpira unapata uwanja umelala kidogo, basi. Taarifa ya habari mtangazaji anakuwa na mabega ya ajabu. Nimekizima.

Ubora wa muvi zenyewe unapishana sana na si kosa la TV. Zilizopigwa tangu mwanzo kwa kamera mbili pamoja, kama Avatar ya James Cameron ya mwaka 2009, unaona kabisa umbali kati ya jani na jani. Zilizopigwa kawaida afu zikaja kugeuzwa kwenye kompyuta kwa haraka, watu wanaonekana kama makaratasi yaliyokatwa yakasimamishwa moja mbele ya lingine. Katuni za kompyuta ndo tamu kuliko zote, kwa sababu ule ulimwengu wote umeshajengwa ndani ya kompyuta kwa urefu na upana na kina, wanachofanya ni kuweka kamera ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Na watu wengi wakisikia 3D wanasubiri kitu kiwarukie usoni, hicho kipo lakini ni kidogo na hakikai vizuri, maana kitu kikitoka mbele ya skrini afu kikakatwa na fremu ya TV ubongo unakataa, haiwezekani kitu kilicho mbele kikatwe na kilicho nyuma. 3D nzuri inaenda ndani. Ukuta wako unakuwa dirisha.

Naumia nikikumbuka hizi zilivyoachwa. Kombe la Dunia la 2010 pale Afrika Kusini mechi 25 zilirekodiwa kwa 3D, na chaneli ya michezo ya ESPN 3D kule Marekani ilifunguliwa siku ile ile ya ufunguzi, tarehe 11 Juni, Afrika Kusini na Mexico. Lile goli la Tshabalala, lile shuti la mguu wa kushoto lililoingia pembe ya juu, kuna watu duniani waliliona likisafiri kwa kina chake. Sisi tuliliona kwenye chogo za inchi 21 na tulishangilia mpaka sauti zikaisha. Miaka mitatu tu, 2013, ile chaneli ikafungwa, BBC nao mwaka huo huo wakasimamisha vipindi vyao vya 3D, na kufika 2017 LG na Sony ambao ndo walikuwa wamebaki wakaacha kutengeneza TV zake. Kwa maoni yangu walikosea kuanza kwa kusukuma miwani ya betri ya bei ya kuumiza kwa watu wenye familia, mtu akishaona kwamba wageni wawili wakija hawana miwani, ile TV inageuka ya mtu mmoja. Hizi za miwani nyepesi ndo zilizofaa watu wanaoishi na watu.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitarajia kabisa kwenye kununua TV. Yule mtoto wa dada yangu ana miaka saba. Baada ya kuishusha TV wenzake wote wakawa wananyoosha mikono kushika samaki, yeye amekaa tu. Nikamuuliza vipi, akasema, "Mjomba, mi sioni kinachotoka, naona TV tu." Nikabadilisha miwani, nikambadilishia kiti, bado. Nikamwambia funga jicho la kulia niambie unaona nini, akakaa kimya kidogo afu akasema ukungu. Miaka saba hakuna mtu aliyejua, shuleni anakaa mbele anasoma vizuri na jicho moja, yeye mwenyewe alidhani watu wote wanaona hivyo. Nikampigia dada usiku ule ule, jumatatu tukampeleka kwenye kliniki ya macho, wakatuambia ni jicho vivu, lile jicho linahitaji lenzi nzito, ubongo umeshazoea kulipuuza, na ni vizuri tumemleta akiwa bado mdogo. Sasa hivi anavaa miwani ya hospitali, na kila siku saa kadhaa anazibwa lile jicho linaloona vizuri ili lile vivu lifanye kazi. Miwani ya 3D tunamvalisha juu ya miwani yake. Wiki iliyopita aliniambia kuna puto moja lilikuwa mbele kidogo kuliko mengine. Daktari katuambia tusiwe na haraka. Ila kama una mtoto na umempeleka kwenye 3D ya aina yoyote akakwambia haoni kitu au kichwa kinamuuma kila mara wakati wenzake wapo sawa, usimwambie anadeka, mpeleke akapimwe.

Mama yangu yeye jicho la kushoto lilishakufa zamani kwa presha ya macho. Mwanzoni alikuwa anajitenga siku za 3D maana bila miwani skrini inaonekana imepepesuka, na alijua miwani haimsaidii. Nikamvalisha kwa nguvu kidogo. Hapati kina, hilo haliwezekani, lakini ile lenzi ya kulia inampa picha moja safi isiyo na kivuli kama TV ya kawaida kabisa, kwa hiyo anakaa na wajukuu wake mpaka mwisho. Kwa miwani ya betri ingekuwa hivyo hivyo, ila nani angemnunulia mzee miwani ya dola 100 kwa jicho moja.

Kuhusu kuchoka macho, ipo, nisiwafiche. Macho yanalenga kitu kilichotoka mbele lakini lenzi ya jicho inatakiwa ibaki imefokasi kwenye skrini kule nyuma, na maishani hivyo viwili huwa vinaenda pamoja, ndo maana baada ya muda unahisi uzito kwenye paji la uso. Kwangu ni saa moja na nusu afu tunapumzika, chai, ndo tunaendelea. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka minne, yeye siku hizi simvalishi, hata Nintendo walipotoa ile gemu yao ya mkononi ya 3DS mwaka 2011, ambayo haitaki miwani kabisa, walionya watoto wa miaka sita kushuka chini wasitumie ile 3D. Anapewa simu aangalie vya kwake. Na picha ya 3D ina giza kidogo kuliko ya kawaida kwa sababu miwani inakula mwanga, zima taa, funga pazia, pandisha mwanga wa TV.

Ukienda kununua beba flashi yenye kipande cha 3D cha juu na chini na beba miwani yako mwenyewe, usikubali maneno. Washa, weka 3D, kaa usawa wa skrini, funga jicho moja moja uone kila jicho linapata picha moja tu. Hakikisha rimoti ni yake na kitufe cha 3D kinafanya kazi, maana baadhi ya TV bila hicho kitufe utahangaika sana kuingia. Usipige kucha wala usifute skrini kwa sabuni ya vioo, ule utando uko juu pale na ukichubuka hakuna fundi wa kukubandikia mwingine, kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha. Soma kibandiko cha umeme nyuma, zilizotoka Marekani zingine ni za volti 120. Na ukibahatika na hela ipo, TV za OLED (zile ambazo kila pikseli inatoa mwanga wake yenyewe) za LG za mwaka 2016 zenye C6, E6 au G6 kwenye namba yake ni za aina hii hii ya miwani nyepesi lakini ni 4K, mistari 2160, kwa hiyo kila jicho linapata 1080 kamili. Sijaiona hata moja Kariakoo.

Kwa laki nne na nusu, na meza ya mninga elfu tisini juu yake, naridhika kabisa. Sasa hivi natafuta deki ya Blu-ray inayosoma diski za 3D, mtumba au mpya, yenye HDMI 1.4 kwenda juu. Aliyeiona popote Dar au hata Zanzibar aniambie duka gani, nitaifuata.